Boti ikizama alfajiri kisiwani, nani wa kuamuru?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliye kwenye mwalo, pale mitumbwi inapofikia, upande wa Kyamuswa, huko Kalangala, wilaya ya visiwa ya Uganda kwenye Ziwa Victoria. Ameandika hivi: "Mzee, habari za siku nyingi. Mimi nauza mukene, hizi dagaa, na mwaka huu wamenichagua sekretari kwenye kamati ya kijiji, LC1. Watu wa gombolola, ile ngazi iliyo kati ya kijiji na wilaya, wametuambia kila kijiji kiandike plani ya maafa. Tumekaa vikao viwili tunabishana tu, huyu anasema ajali ni kazi ya polisi wa majini, huyu anasema RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani, huyu jeshi, huyu OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu. Nani hasa ndo mwenye kuamuru? Na sisi hatuna gari, hatuna hospitali, netiweki yenyewe mpaka upande mlimani, sasa tuandike nini?"

Salama binti yangu, na pole na hio kazi mpya. Miaka mingi nimefanya kazi hii ya maafa, mingi kwenye wilaya za ziwa, na hilo bishano lenu nalijua vizuri, nimelikuta karibu kila mwalo nilioenda kukaa nao. Kila mtu kwenye kikao chenu anasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya saa tofauti. Saa za kwanza ni zenu. Kuanzia boti imepinduka mpaka boti ya kwanza ya kutoka bara iguse mchanga wenu, mwenye kuamuru ni mwenyekiti wako wa LC1, na kama amesafiri ni mtu mliyemwandika kabla, anaweza kuwa wewe. Polisi wakifika ndo wanashika uokoaji, wilaya ikifika inashika hospitali na chakula, OPM inakuja nyuma ya hapo.

Kwenye karatasi mfumo uko hivi, na uujue maana wakubwa watakuja kukuuliza. Katiba ya 1995, ibara ya 249, ilitaka kuwe na Tume ya kushughulika na maafa. Kazi yenyewe lakini imekaa Ofisi ya Waziri Mkuu, hio OPM, na sera ya taifa ya 2010 ndo inagawa nani afanye nini. Kampala kuna kituo cha NECOC kilichofunguliwa 2014, wale kazi yao ni kukusanya taarifa na kuunganisha wizara, polisi, jeshi, Msalaba Mwekundu, wote wasikie kitu kimoja. Wilayani kuna kamati ya maafa ya wataalamu na CAO, mkuu wa watendaji wa wilaya, ndo kichwa chake, gombolola ina kamati yake, na kijiji kina yake chini ya mwenyekiti. RDC yeye anaongoza kamati ya usalama ya wilaya. Watu wanapoteza muda kuuliza kati ya CAO na RDC nani mkubwa. CAO ana daktari wa wilaya, injinia, watu wa uvuvi na vocha za mafuta, RDC anasikilizwa na polisi na jeshi, na siku ya ajali unawataka wote wawili kwenye simu. Kwenye plani andika cheo na namba ya ofisi, usiandike jina, maofisa wanahamishwa halafu mnabaki mnampigia mtu yuko mbali huko Karamoja.

Sasa hio sera iliandikwa na watu wanaofikiria barabara. Kule Bududa, wilaya ya milimani, mlima ukiporomoka, mtu wa kijiji cha pili anakuja kwa miguu, lori linafika mpaka linapoweza, watu wanachimba. Kalangala ina visiwa 84, wilaya ya Buvuma ina 52, na meli yenyewe ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo ya bara mpaka Lutoboka inachukua saa tatu na nusu hivi ziwa likiwa limetulia, na hapo imefika kisiwa kikubwa cha Bugala tu, haijafika kwenu. Kisiwani hakuna kijiji cha pili cha kuja kwa miguu. Kwa hio usinakili plani ya wilaya ya bara ukabadilisha jina, nimeona plani ya namna hio, ilikuwa na ukurasa mzima wa ambulansi, na kisiwa chenyewe hakina hata boda.

Anza na saa. Kabla ya kuandika neno lolote, ulizeni wazee wa mwalo ajali zenu zinatokeaga saa ngapi, utaona wanasema usiku na alfajiri, na wako sahihi. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani unaenda bara, mvua inapigia huko. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda, ndo yale mawingu ya radi mnayaona yanawaka tangu usiku wa manane mpaka asubuhi jua limeshatoka. Na huo ndo wakati wenu wa kuvua mukene kwa taa, na ndo wakati boti za mizigo zinatoka ziwahi soko la bara. Tarehe 2 Agosti 2023 boti iliyotoka Lwanabatya, hapo Kalangala, kwenda Kasenyi ya bara ilizama kama saa kumi na moja alfajiri, ilikuwa na makaa, chakula na mukene, na watu juu yake. Polisi walisema walikuwa watu 34, maiti 20 zilipatikana, 9 wakaokolewa. Polisi walitaja kujaza kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Kwa hio plani inayosema "mwenyekiti atapiga simu ofisini" tayari imeshindwa, alfajiri hakuna mtu ofisini.

Utabiri wa ziwa upo siku hizi, na huu wa kutoka mara mbili kwa siku kwa kanda za ziwa ulianza na mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, unasema upepo, mawimbi, radi. Shida ni kwamba unaishia kwenye simu ya mtu mmoja. Mchagueni mtu wa kuusoma jioni kabla wavuvi hawajatoka, autangaze kwa spika ya msikiti au ile ya mwalo, kwa Luganda na kwa Kiswahili, maana kwenu kuna Mkongo, kuna Mtanzania, kuna mtu wa Arua, na tangazo la lugha moja linaua watu wa lugha ingine. Na bendera nyekundu juu ya mti mrefu, kitambaa tu, mtu akiwa majini karibu anaiona bila simu.

Halafu orodha ya abiria. Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo kitu naona kinadharauliwa kuliko vyote. Mwaka mmoja nilifika kwenye mwalo siku ya pili baada ya boti kuzama, siutaji jina. Maofisa wamekaa kwenye benchi wanabishana, huyu anasema walikuwa 15, huyu 22, mwenye boti amekimbia, nahodha amekufa, na wapiga mbizi wanauliza tutafute wangapi, hakuna mwenye jibu. Kulikuwa na mama anauza chai na chapati pale karibu na mitumbwi, amesimama tu na mtoto mgongoni. Akaniita pembeni akatoa daftari lake la madeni. Lile daftari la kurasa 96, limelowa mafuta ya chapati, na pale kwenye tarehe ya siku ile ameandika kwa biki ya bluu, mmoja mmoja, wote waliokunywa chai alfajiri wakasema watalipa wakirudi. Majina 13, na pembeni chai moja, chapati mbili. Waliolipa taslimu alikuwa anawakumbuka kwa sura, akawahesabu kwa vidole, wanne. Kumi na saba. Tukaenda na hio namba, na siku ya tatu ikatimia, walio hai na waliokufa, na ndugu wakazika wakijua hakuna aliyebaki chini. Toka siku ile mimi kila kijiji cha ziwa nakiambia kitu kimoja, mtafuteni mama wa chai mumpe daftari la pili, mumlipe kitu kidogo, maana yeye anaamka kabla ya nahodha na anajua nani kapanda. Jina, simu ya ndugu mmoja, boti gani, saa ngapi. Daftari libaki mwaloni. Orodha ikipanda kwenye boti inazama na boti.

Na hili si la visiwa vyetu peke yake. Zanzibar, ambao wana serikali yao, kikosi chao cha majini cha KMKM na bandari zenye ofisi, MV Spice Islander ilipozama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, hesabu ya waliokuwemo ilibishaniwa muda mrefu, maana meli ilibeba watu wengi sana kuliko ilivyoruhusiwa. Mwaka uliofuata ikazama MV Skagit. Baadae wakatunga sheria namba 1 ya 2015 na wakapata Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, yaani kuna mlango mmoja unajulikana. Sisi tuna Sheria ya Usafiri wa Majini ya 2021, boti isajiliwe, iwe na leseni, ni sheria nzuri, ila kwenye mwalo wa mitumbwi alfajiri sheria hio inakuwa mama wa chai na daftari lake.

Baada ya daftari, petroli. Ukiniuliza plani za visiwa nilizoona zinafia wapi, nakwambia zinafia kwenye petroli. Kila plani inasema "boti ya kijiji itaenda kuokoa". Boti ya nani? Injini ya nani? Mafuta nani ananunua? Usiku wa ajali mwenye boti anasita, si kwa ubaya, anajua lita 20 anazotumia leo ndo safari yake ya kesho, na mara ya mwisho alipoenda hakuna mtu alimrudishia. Kwa hio pangeni kabla. Chagueni boti mbili kwa jina la mwenyewe, moja ikiwa imeenda kuvua ingine inabaki. Jerikani moja ya lita 20 imejaa, imeshachanganywa oili kama injini yenu inataka, imefungwa kwa kufuli mbali na nyumba na mbali na majiko, funguo mbili kwa watu wawili tofauti wanaolala mwaloni. Kila mwezi hayo mafuta yauzwe kwa mvuvi na yanunuliwe mapya, petroli ikikaa sana inaharibika. Hela itoke wapi? Kila boti ya mukene inayopakia itoe kidogo, mwandike mbele ya watu, na hesabu isomwe kila mkutano, siku hesabu haikusomwa jua jerikani liko tupu.

Watu wa kwenda nao wawe wachache. Ajali ya MV Templar, tarehe 24 Novemba 2018, ile boti ya starehe karibu na mwalo wa Mutima kule Mukono, walikufa watu zaidi ya 30, na wavuvi wa pale walikimbia kwenda kusaidia kwa moyo kabisa, lakini watu majini waliwang'ang'ania mpaka mitumbwi ya waokoaji nayo ikaelemewa. Ukiingiza vijana kumi kwenye boti ya uokoaji umejaza nafasi ya watu kumi mnaoenda kuwatoa. Watatu wanatosha, nahodha, mmoja wa kamba, mmoja wa tochi, wote na laifu jaketi. Wasiingie katikati ya watu, wasimame pembeni upande ambao upepo hauwasukumi juu yao, watupe kamba yenye jerikani tupu lililofungwa kifuniko, mtu alishike, wamvute mmoja mmoja, wampandishie nyuma au mbele, wasimpandishie ubavuni maana hapo ndo boti inapinduka. Fanyeni mazoezi mchana, watoto wataangalia na kucheka, wacha wacheke.

Na msiache kutafuta mapema. MV Nyerere ya Tanzania ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kufika gati ya Ukara, watu wa nchi kavu wanaiona kwa macho, wakafa zaidi ya 220. Giza lilipoingia kazi ikasimamishwa, na siku mbili baadae wakamtoa injinia mmoja akiwa hai ndani ya meli, alikuwa amepata sehemu yenye hewa. Tochi mbili za kichwa na betri za akiba ziandikwe kwenye plani, ni vitu vidogo lakini ndo vinasukuma saa ya kusimama.

Simu. Umesema netiweki mnaipanda mlimani, basi mtu wa mlimani awe na jina kwenye plani, kijana mwenye mbio, simu mbili, laini ya MTN na ya Airtel, pawabanki ya sola inayochajiwa kila siku na haikopeshwi kwa mtu wa kuangalia mpira. Namba ya polisi ni 999 au 112, lakini ongeza namba ya moja kwa moja ya kituo cha polisi wa majini kilicho karibu nanyi, nenda mwenyewe uichukue na uipige ukiwa umesimama mbele yao uone kama inalia. Anayepiga aseme vitu vitano tu, wapi, saa ngapi, boti ya namna gani, watu wangapi kwa daftari, upepo unasukuma upande gani. Hio ya upepo wengi wanaisahau, na ndo inawaambia waokoaji watafute wapi, maana watu walio majini hawabaki pale walipozamia.

Najua utaniuliza juu ya jeshi. Mwaka 2017 waliletwa ziwani kwa kazi ya kuzuia uvuvi haramu, na kwenye mialo mingi watu wakiona boti yao wanakimbia, tusidanganyane. Lakini injini zao ni kubwa na, kama wako kwenye maji yenu, wanaweza kuwa karibu nanyi kuliko boti yoyote ya wilaya. Mwombe mwenyekiti aende kwa kamanda wao siku ya amani, na mtu wa RDC akiwepo, wakubaliane jambo moja tu, kwamba siku ya ajali boti ya uokoaji yenye kitambaa fulani haisimamishwi kuulizwa nyavu na leseni. Hilo likiandikwa na kusainiwa ni nusu ya kazi. Vijana wako wakiogopa kusimamishwa hawatatoka usiku, na wewe huwezi kuwalaumu.

Msaada ukija sasa. Kutoka stoo ya OPM Namanve, kama wilaya imeomba na ripoti imefika, kinachokuja kwa kawaida ni unga wa posho na maharage, saa ingine blanketi na turubai. Lori linafika mwalo wa bara. Halafu? Mwaka fulani nilikaa na mzigo wa namna hio siku mbili nzima kwenye mwalo wa bara, magunia yamepangwa juu ya mbao, kisiwa tunakiona kwa macho, na ofisi mbili zinaandikiana barua nani alipe boti. Usiku wa pili mvua ikaja, turubai moja ikapeperuka, unga wa chini ukawa uji. Familia zilizokuwa zinangoja zilikuwa zimelala kanisani bila chakula. Bado naumia nikikumbuka. Kwa hio kwenye barua yenu ya kuomba msaada, usiandike tu kaya ngapi na magunia mangapi, andika na usafiri wa majini, boti ngapi, lita ngapi kwenda na kurudi, na nani yuko tayari kubeba. CAO akiiona hio namba mapema anaiingiza, akiiona lori likiwa limeshafika inakuwa barua.

Kuna maafa mengine yanakuja polepole, na kwenye kikao chenu nadhani hakuna aliyeyataja. Mei 2020 ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likapita rekodi iliyokuwepo toka 1964, na 2024 likapita hata hapo. Mialo mingi ilimezwa, nyumba za mbao, maduka, na vyoo. Choo kikishaingiliwa na ziwa, na ziwa ndo maji ya kunywa, kipindupindu hakihitaji kualikwa. Chukueni rangi, wekeni alama kwenye mwamba pale maji yalipofika mwaka ule, na nyumba ya kuhifadhi daftari, mafuta na dawa ijengwe juu ya alama hio. Klorini ya kusafisha maji na ORS, ile dawa ya unga ya mtu anayeharisha, ziwe za kutosha wiki nzima, maana ziwa likichafuka siku nne hakuna boti inayoleta dawa.

Na kuhama. Mtu wa ofisini ataandika haraka "wananchi watahamishwa". Visiwa vya Ssese, ndo hivi vyenu vya Kalangala, vimeshawahi kuhamishwa, bibi zetu walisimulia. Ugonjwa wa malale ulipoua watu kando ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, serikali ya kikoloni chini ya Gavana Hesketh Bell iliwatoa watu pwani ya ziwa kuanzia 1906, visiwa navyo vikafuata, na miaka ikapita mingi kabla watu hawajaruhusiwa kurudi. Waliacha migomba, waliacha makaburi. Kwa hio ukisema neno kuhama kwenye mwalo, wazee wanasikia kitu ambacho wewe hujasema. Kwenye plani yenu andikeni kuhama kwenda wapi, kwa nani, kwa siku ngapi, nani anabaki kulinda nyavu na injini, na nani atatangaza kurudi. Bila hilo la kulinda injini wanaume hawatapanda boti, watapandisha wanawake na watoto halafu wao wabaki, na hapo mmegawanya familia.

Kurasa tatu zinatosha binti yangu. Ya kwanza watu na namba zao, ya pili boti, petroli na funguo, ya tatu ramani ya mwalo mliyochora wenyewe kwa mkono yenye ule mwamba wa rangi. Kopi moja kwa gombolola, moja kwa polisi wa majini, moja ukutani kwa mama wa chai. Ukishaongea naye, nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake nione mmelipanga vipi, na uniambie umefikia wapi na hao wa jerikani.